Kwa nini mvinyo mwekundu wa Rioja hulazwa miaka kabla ya kunywewa?

Je, wajua kwamba kwa kanuni za Rioja, kaskazini mwa Uhispania, mvinyo mwekundu hauruhusiwi kuitwa Gran Reserva, daraja la juu kabisa la ukomavu, mpaka utimize miaka 5? Angalau miaka 2 hukaa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225 hivi, na angalau mingine 2 ndani ya chupa. Madaraja ya chini yake husubiri kidogo: Reserva miaka 3, Crianza 2. Kwa nini mtu akalie mali yake muda wote huo?

Sababu ni ukakasi. Ukila bibo au ndizi mbichi, ulimi hukauka na mashavu hujikunja. Hiyo ni kazi ya tanini, nayo imejaa kwenye maganda na kokwa za zabibu. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, ndipo unapopata rangi, na ukakasi nao huingia humo humo. Tempranillo, zabibu kuu ya Rioja, ikiwa bado changa hukamata mdomo kwelikweli.

Sasa, pipa la mbao hupitisha hewa kidogo sana. Hewa hiyo huzifanya tanini zishikane zenyewe kwa zenyewe na pamoja na chembe za rangi. Zikishikana huwa nzito, na baada ya miaka mingine hutuama chini ya chupa kama mashapo. Kinachobaki juu ni laini. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uone: mvinyo mchanga una ukingo wa zambarau, mkongwe umegeuka rangi ya tofali. Harufu nayo huhama, kutoka matunda mabivu hadi ngozi, tumbaku na zabibu kavu, na vanila iliyotoka kwenye mwaloni, hasa ule wa Marekani.

Lakini si kila chupa inafaa kuwekwa. Mvinyo mwepesi usio na tanini wala uchachu wa kutosha hupooza tu, kwa hiyo unywe mapema.

Ule unaostahili kungoja, ulaze ubavu, ili kizibo kisikauke, kikasinyaa na kuingiza hewa ya kuuharibu. Uweke gizani, penye nyuzijoto 12 hadi 14 zisizopandapanda. Juu ya friji, ambako wengi wetu huweka chupa za heshima, ndipo mahali pabaya kuliko pote: joto huuzeesha mvinyo kabla haujakomaa.

Siku ya kuufungua, isimamishe chupa tangu jana yake ili mashapo yashuke. Washa mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, kisha mimina polepole kwenye jagi la kioo, bila kutikisa wala kusitasita. Uzi mweusi wa mashapo ukifika shingoni, acha hapo hapo.