TV yenye deki ndani: tazama mgongo kabla ya mdomo

Wateja wengi wanaoniletea TV yenye deki ndani husema TV imekufa. Nikiiwasha mezani, picha ipo, sauti ipo, king'amuzi kinaonyesha vizuri. Kilichokufa ni deki. Na deki hutangulia kufa karibu kila mara, kwa sababu ndiyo yenye vitu vinavyotembea: mota ya kuzungusha CD, mota ya kusogeza lenzi, gia za plastiki, mpira wa trei. Upande wa TV hakuna kinachozunguka. Kwa hiyo ukinunua TV ya namna hii, jua kwamba siku moja utabaki na TV tupu, na hapo matundu ya nyuma ndiyo yatakayokuokoa au kukuangusha.

Zile za chogo za inchi 14 na 21 zilizojaa Kariakoo zamani, nyingi zilikuwa na tundu la antena na seti moja ya AV, yale matundu ya mviringo ya picha na sauti, basi. Hazikuwa na tatizo mpaka analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012. Tangu hapo antena peke yake haileti kitu, king'amuzi kimekalia AV, na deki ya ndani ikifa hakuna pa kuchomeka deki ya nje. Dawa yake ni kiboksi cha kugawia AV, kile chenye vitufe vitatu vinne: unabonyeza kimoja kwa king'amuzi, kingine kwa deki. Hakitumii hata umeme. Ila chogo usiifungue mwenyewe. Kioo chake kinafanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000, na kinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

TV bapa zina nafuu, ila soma kila tundu. HDMI ikiwepo, umepona. SCART, lile tundu pana lililopo kwenye mtumba wa Ulaya, linahitaji kichwa cha kubadilisha kwenda AV, na hakikisha kinapokea ishara, maana vingine ni vya kutoa tu. USB nayo isikupumbaze. Kwenye TV nyingi za miaka ile inasoma picha, nyimbo za MP3 na video za AVI za zamani. Movi za MP4 unazowekewa kwenye flashi mtaani zitakataa, au utasikia sauti bila picha. Nenda na flashi yako dukani uijaribu hapohapo. Flashi iwe imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haubebi faili moja linalofika GB 4.

Mzigo uliotumwa na ndugu kutoka Marekani una mambo yake. Geuza TV, soma kibandiko. Kikisema 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Kikisema 120V pekee, ukiichomeka kwenye 230 yetu utanusa moshi kabla hujaona picha. Halafu kuna kufuli la kanda, yaani deki hukubali DVD za eneo lake la dunia tu: deki ya Marekani ni kanda ya 1, ya Uingereza ni ya 2, sisi na sehemu kubwa ya Afrika tumewekwa kanda ya 5. CD nyingi za mtaani hazina kufuli hilo, ndiyo maana wengi hawajawahi kukutana nalo. Wanaolikuta ni wale walionunua DVD halisi. Deki nyingi hufunguka kwa namba za siri kwenye rimoti, kila modeli na zake.

Sasa umeme. TV na deki humo ndani ni wapangaji wawili wenye Luku moja: pawasapulai, yaani bodi inayowagawia umeme, ni ile ile. Deki ikipiga shoti, inavuta umeme wote chini, na TV nzima inagoma kuwaka huku taa nyekundu ikipepesa. Hapo ndipo watu huuziwa bodi mpya bila sababu. Mimi naanza kwa kuchomoa soketi ya umeme inayokwenda kwenye deki, kisha nawasha. TV ikiamka, mgonjwa nimempata, na mwenye nayo akiridhika kuishi bila deki, tumemaliza. Fundi wako akitaka kubadilisha bodi kabla ya kufanya hivyo, muulize kwa nini.

Kwenye lenzi nitakaa kidogo, maana ndiko pesa zinakopotelea. Deki ina leza mbili: nyekundu ya nanomita 650 kwa DVD, na ya nanomita 780 kwa CD za nyimbo, ambayo jicho karibu haliioni lakini inaumiza vilevile, kwa hiyo usichungulie lenzi ikiwa inafanya kazi. Jaribu zote mbili. Ikisoma nyimbo na kukataa kila DVD, leza nyekundu inaelekea kuchoka, na kusafisha hakutasaidia sana. Ikikwama katikati ya movi ndefu kisha ikaendelea, huenda ni DVD ya matabaka mawili, ya GB 8.5, na lenzi inahangaika kuhamia tabaka la pili. Ikikataa zote, anza na vumbi. Kigamboni na Msasani ongeza chumvi ya bahari, inayokula hata miguu ya soketi. Lenzi ni ya plastiki: pamba safi, tone la alkoholi ya isopropili, mkono mwepesi. Manukato hapana, mate ndiyo kabisa hapana.

Ukilazimika kubadilisha, soma namba iliyoandikwa kwenye lenzi yenyewe, mfano SF-HD62 au HOP-1200W, usitaje jina la TV. Nyingi mpya huja na tone la risasi ya kulehemu linalounganisha nukta mbili ili umeme tuli usiue leza njiani. Ukishachomeka utepe wa nyaya zake, tone hilo liyeyushwe litoke. Nimepokea lenzi kadhaa zilizotangazwa mbovu na mafundi wengine. Tone lilikuwa bado lipo.

Nilimuuliza mama mmoja wa Mbagala kwa nini anahangaika na deki wakati dunia imehamia kwenye flashi. Akanijibu, "Mwanangu, humo kuna send-off ya binti yangu, na mpiga video alishahama mjini." Ndivyo ilivyo kwa wengi: harusi, kwaya, kaswida, hitima ya babu. Tatizo ni kwamba DVD hizo hazikupigwa chapa kiwandani, zimechomwa kwenye kompyuta. Picha zimehifadhiwa ndani ya rangi, na joto na jua huifubaza rangi hiyo. Ukiiacha juu ya chogo lenye moto kando ya dirisha, unaifuta polepole. Nyingine haikufungwa rasmi mwisho wa kurekodiwa, basi inasoma kwenye mashine iliyoichoma tu. Zihamishie kwenye flashi mbili sasa hivi, wakati bado kuna deki inayozisoma. Ukizipangusa DVD vumbi, pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe kitambaa; mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoishinda deki.

Jambo la mwisho ni la zile za kumeza CD kwa ubavuni. Hizo hazitaki CD ndogo za sentimita 8, wala sarafu, wala CD mbili kwa mpigo, na watoto wanazijaribu zote tatu. Trei huwa na kitundu cha kuchomeka waya mwembamba ili ifunguke. Hizi mara nyingi hazina. Umeme ukikatika CD ikiwa ndani, subiri urudi uitoe kwa kitufe. Ikigoma, usiingize kisu. Ilete ilivyo, na uniambie kuna nini ndani kabla sijashika bisibisi.