Auksini: homoni inayouelekeza mzizi

Anayenunua maua katika vitalu vya kando ya Ngong Road hapa Nairobi huenda amewahi kumwona mwenye kitalu akichovya kipande cha tawi la bogenvilia katika unga mweupe kabla ya kukichomeka udongoni. Wauzaji huuita dawa ya mizizi, ingawa hautibu ugonjwa wowote. Kinachofanya kazi humo ni auksini ya kiwandani, ndugu ya homoni ambayo mmea hujitengenezea, hasa katika majani machanga.

Homoni ya mmea ni kemikali ambayo kiasi chake kidogo mno hubadilisha ukuaji wa seli, mara nyingi mbali na ilikotengenezwa. Auksini hushuka hadi mizizini, na huko hupitishwa kutoka seli moja hadi nyingine na protini ziitwazo PIN, ambazo hukaa upande mmoja wa seli na hivyo kuamua homoni ielekee wapi. Ndani ya seli hushikwa na kipokezi kiitwacho TIR1, ndipo protini zilizokuwa zimezima jeni fulani huvunjwa na jeni hizo kuanza kazi.

Linalosahaulika mara nyingi ni kwamba auksini haina amri moja. Mche ukilala ubavu, chembe nzito za wanga katika ncha ya mzizi huzama upande wa chini wa seli, na auksini nyingi ikaelekezwa huko. Kwa kuwa seli za mzizi hulemewa upesi na homoni hii, upande wa chini hupunguza kasi ya kurefuka, wa juu ukaendelea, na mzizi ukapinda kuelekea ardhini. Katika shina, mrundikano kama huo huchochea seli za chini zirefuke, nalo likainuka. Kwa hiyo anayedhani kuongeza unga ni kuongeza mizizi amekosea: hata 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana, ni auksini ya kiwandani.

Auksini pia huziamsha seli zilizo ndani ya mzizi ili zichipuze mizizi ya pembeni, kazi ambayo sitokinini, homoni nyingine, huizuia. Ipo pia ethilini, homoni ambayo ni gesi. Katika udongo ulioshindiliwa, kama ule wa viwanja vilivyopitiwa na malori ya ujenzi, gesi hiyo hukosa upenyo wa kutokea, ikajikusanya kandokando ya mzizi, nao ukaacha kurefuka na kuanza kunenepa.