Daktari aliyejitia kwenye orodha yake mwenyewe

Mwaka 1795 Dk. Alexander Gordon wa Aberdeen, huko Uskoti, alichapisha kitabu kuhusu homa ya uzazi. Ndani yake mna jedwali la wanawake 77: jina la mzazi, umri, alikokaa, tarehe aliyougua, kama alipona au alifariki. Kisha kuna safu ya jina la aliyemzalisha. Safu hiyo ndiyo iliyomponza Gordon. Humo wametajwa wakunga wa mji ule, naye mwenyewe yumo.

Alizaliwa mwaka 1752 katika familia ya wakulima. Alitumikia jeshi la majini kama daktari wa upasuaji, mwaka 1785 akaenda London kujifunza ukunga, halafu akarudi Aberdeen kufanya kazi katika zahanati iliyohudumia maskini. Mwishoni mwa mwaka 1789 homa ikaingia. Mama anajifungua salama, siku mbili tatu baadaye anatetemeka kwa baridi, tumbo linamuuma hata shuka haligusiki. Hadi homa ilipokoma mwaka 1792, wanawake 28 kati ya wale 77 walikuwa wamekufa.

Madaktari wengi wa enzi hizo walilaumu hewa chafu, wengine wakisema ni maziwa yamerudi tumboni. Gordon alikwenda kwenye daftari lake. Kama ni hewa, mji mzima unaivuta. Mbona wanaougua ni wale waliozalishwa na watu walewale waliotoka kumhudumia mgonjwa? Ikafika mahali akiambiwa tu mkunga gani ameitwa, anaweza kutabiri kama mama ataugua, na karibu kila mara ikawa kweli. Akaandika wazi, akisema ni jambo chungu kulitamka, kwamba yeye mwenyewe amewapelekea wanawake wengi maambukizi.

Mimi nafundisha wakunga kinga ya maambukizi, na maneno hayo bado yananigusa. Alikiri miaka 84 kabla mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur hajaonyesha, mwaka 1879, bakteria waliopangana kama shanga katika majimaji ya wanawake wenye homa hiyo. Gordon hakuwaona bakteria hao. Aliona mpangilio wa majina, basi. Akashauri nguo na matandiko ya mgonjwa vichomwe au vifukizwe moshi, na daktari au mkunga aliyemhudumia aoge vizuri na kufukiza nguo zake kabla ya kwenda kwa mwingine. Daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna, anayesifiwa zaidi kwa habari ya kunawa mikono, alianza mwaka 1847.

Katika tiba alikosea: alitoa wagonjwa damu nyingi na kuwapa dawa za kuharisha, akiamini ndizo zinazowaponya. Na kuwaanika wakunga kwa majina, kwa maoni yangu, kuliidhuru kazi yake. Wanawake wale walifanya kama walivyofundishwa. Leo vikao vya kupitia vifo vya uzazi havitafuti wa kulaumiwa, kwa sababu mhudumu anayeogopa kuaibishwa huficha. Wenyeji wa Aberdeen walimgeuka, na mwaka huohuo wa 1795 akaitwa tena jeshini. Huko kifua kikuu kikamshika. Alifariki mwaka 1799, akiwa na miaka 47.

Homa ile haijaisha duniani. Mama aliyejifungua, iwe hospitalini au nyumbani, akipata homa, maumivu makali chini ya kitovu, au uchafu ukeni wenye harufu mbaya wakati wowote ndani ya siku 42, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo; asingojee arobaini iishe. Antibaiotiki zinamponya akiwahi. Na mhudumu akija kumpima mama bila kunawa, mwombeni anawe kwanza. Mkunga aliyefunzwa vizuri hatakasirika.