Maneno ya utafutaji yanaanzia kwenye simu za wateja wako

Mteja akija ofisini kwangu hapa Moshi akasema anataka tovuti yake itokee ya kwanza Google, namuuliza mambo mawili kabla hatujawasha kompyuta: ya kwanza kwa maneno gani, na kwa mtu aliyekaa wapi? Wengi huwa wamekuja na orodha ndefu waliyopewa na mtu, imepangwa kuanzia neno linalotafutwa sana hadi linalotafutwa kidogo, na juu kabisa limekaa jina la mlima wetu. Kilimanjaro, basi.

Ni kweli neno hilo linatafutwa na watu wengi sana duniani. Lakini anayeliandika ni nani? Anaweza kuwa mwanafunzi anayetaka kujua urefu wa mlima, yaani mita 5,895, na jibu hilo Google inampa palepale bila yeye kufungua tovuti ya mtu yeyote. Anaweza kuwa anatafuta uwanja wa ndege, bia, au habari za mkoa. Katikati ya hao wote yupo mmoja mwenye likizo na fedha anayetafuta kampuni ya kumpandisha. Kampuni ndogo yenye waongozaji wachache inapotumia mwaka mzima kuligombania neno hilo, inagombania watu ambao wengi wao hawaihitaji.

Nafanya kazi hii na kampuni za kupandisha wageni mlimani, wenye gesti, wauza miche na mafundi wa magari, Moshi na Arusha. Msimamo wangu ni kwamba safu ya idadi ya utafutaji iangaliwe mwishoni. Kwanza ujue watu wanauliza nini, kisha ujue Google inaona wanataka nini. Idadi inakuja baada ya hapo, kukusaidia kupanga lipi litangulie.

Chota maneno kwenye WhatsApp

Fungua WhatsApp ya biashara. Soma ujumbe wa kwanza wa kila mteja mpya, ule alioutuma kabla hujamfundisha namna ya kuuliza. Uandike kama ulivyo, hata kama umekosewa. Waombe wanaopokea simu wafanye hivyohivyo kwenye daftari. Ukimaliza utakuwa na kitu ambacho hakuna kifaa cha maneno, yaani programu ya kupima maneno yanayotafutwa, kinachokiuza.

Chukua mfano wa gesti iliyo jirani na KCMC. Tovuti yake imejaa habari za watalii, mandhari ya mlima na kahawa ya asubuhi. Lakini simu zinazoingia zinasema mambo mengine: «Hapo na KCMC ni mbali?» «Mgonjwa wetu amelazwa, mna bei ya wiki nzima?» «Tunaweza kujipikia?» KCMC ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, inapokea wagonjwa kutoka mikoa ya mbali, na kila mgonjwa ana ndugu anayehitaji pa kulala. Ndugu huyo yuko kwenye basi, ana bando dogo na mawazo mengi, anaandika «gesti karibu na KCMC». Kifaa cha maneno kinaweza kukuonyesha sifuri kwa maneno hayo. Mimi ningeyaandikia ukurasa kesho asubuhi: umbali hadi getini, usafiri gani unafika, bei ya siku na ya wiki, jiko lipo au halipo, na mlango unafungwa saa ngapi. Ukurasa wa namna hiyo unamsaidia mtu aliye kwenye shida, na unampa mwenye gesti mgeni wa kukaa siku nyingi.

Sifuri ya kifaa isikutishe. Google yenyewe imesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku ni wa maneno ambayo haijawahi kuyaona kabla. Kwa Kiswahili, ambacho vifaa vingi vinakipima kwa shida, sifuri mara nyingi maana yake ni kwamba kipimo hakikufika huko.

Ukurasa wa matokeo usomwe kwa makini

Mwaka 2002 mtafiti Andrei Broder aligawa utafutaji wa mtandaoni katika makundi matatu: anayetaka kujua jambo, anayetaka kufika kwenye tovuti fulani anayoifahamu, na anayetaka kufanya kitu, kama kununua au kuweka nafasi. Mgawanyo huo bado unafanya kazi. Lakini usikisie kundi kwa kuyatazama maneno tu. Yaandike kwenye Google uone inaleta nini.

Ikileta ramani yenye maduka matatu, imeona kwamba mtu anataka mahali pa kwenda, kwa hiyo makala yako ndefu haitasaidia kama wasifu wa biashara yako kwenye Google haujajazwa vizuri. Ikileta video tupu, watu wanataka kuonyeshwa. Ikileta makala za maelezo, ukurasa wako wa bei utahangaika. Na ikileta mashirika makubwa peke yake mpaka chini, sogea pembeni utafute maneno marefu zaidi, yenye mahali, idadi ya siku au hali fulani ndani yake.

Hapa kampuni nyingi za utalii zinajidanganya bila kujua. Mtu amekaa Arusha, ametafuta kwa simu yake ambayo imeshaizoea tovuti yake, ameona yuko juu, amefurahi. Mgeni aliyeko Ujerumani anaona matokeo mengine kabisa. Kwenye kompyuta, mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa matokeo, ongeza `&gl=de&hl=de`, na Google itakuonyesha matokeo yaliyo karibu zaidi na anayoyaona mtu wa huko, kwa lugha yake. Kwa Ufaransa weka `fr` sehemu zote mbili. Tumia dirisha la faragha la kivinjari.

Ukiwa huko utagundua jambo lingine: majina yanabadilika. Mjerumani anaandika Kilimandscharo. Mfaransa anaandika Kilimandjaro. Mpolandi ana tahajia yake, Kilimandżaro. Kampuni iliyoandika kurasa za Kiingereza tu kisha ikazipitisha kwenye programu ya kutafsiri inapata sentensi za Kijerumani, lakini haipati maswali ya Mjerumani. Anayepanda kutoka nchi moja anaweza kuwa na wasiwasi wa kibanda na hema, kwa sababu njia ya Marangu ina vibanda vya kulala na njia nyingine wageni wanalala kwenye mahema. Wa nchi nyingine anataka kwanza kujua wapagazi wanatendewaje, na atauliza kama kampuni inashirikiana na KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wenye makao hapahapa Moshi. Kila lugha ifanyiwe utafiti wake, na ikiwezekana na mtu anayeizungumza.

Kiswahili kina mambo yake

Anayeandika kwa ajili ya wasomaji wa Moshi ana tatizo ambalo mwenzake wa Mwanza hana. Google haijali herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo «fundi wa gari Moshi» inakaa jirani sana na «gari linatoa moshi». Ukiangalia takwimu za neno hilo moja unachanganya mji na injini mbovu. Meru nayo ni mlima wetu wa mita zaidi ya 4,500, na pia ni mji na kaunti ya Kenya. Dawa yake ni kuongeza neno la kutenganisha: Moshi mjini, Moshi Kilimanjaro, au mtaa wenyewe, Majengo, Pasua, Soweto, Kiboriloni. Wenyeji hutaja mtaa hata hivyo, na ukurasa unaotaja mtaa unamfaa zaidi anayetafuta fundi wa karibu.

Halafu kuna ngeli zetu. Muuza miche ya parachichi anakuta «bei ya mche wa parachichi», «bei ya miche ya parachichi», «miche ya maparachichi» na «miche ya Hass» zikiwa kwenye mistari tofauti, kila mmoja na namba ndogo au kistari. Akiitazama mmojammoja ataona hakuna soko. Aliyeandika mistari hiyo yote ni mkulima yuleyule. Yakusanye kwenye kundi moja, uyape ukurasa mmoja, na ndani yake uandike Kiswahili cha kawaida ambacho kitakuwa na mche na miche bila kulazimisha.

Nasisitiza ukurasa mmoja kwa sababu nimeona tovuti zenye ukurasa kwa kila tahajia, maandishi yaleyale, kichwa kimegeuzwa kidogo. Kurasa hizo zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Tena sera za Google dhidi ya kurasa taka (spam), zilizoongezewa makali Machi 2024, zinalenga kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuvuta utafutaji tu, bila faida kwa msomaji.

Kundi likishapatikana, maswali yake ndiyo yanakupa vichwa vidogo vya ukurasa. Mkulima anauliza: «Heka moja inaingia miche mingapi?» Wengi wakisema heka wanamaanisha ekari, kwa hiyo jibu vipimo vyote viwili. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja yenye mita za mraba 4,047 inachukua karibu miche 80, na hekta moja karibu 200. Ataendelea kuuliza inaanza kuzaa baada ya muda gani, maji yanahitajika kiasi gani, nani ananunua. Muuza miche anayajua majibu haya usingizini, ila hajawahi kuyaandika kwa sababu alidhani tovuti ni ya picha na namba ya simu. Kurasa za Kiswahili zinazojibu kwa kina bado ni chache, na hapo mtu mdogo ana nafasi halisi.

Vifaa, na kile kila kimoja kinachosema

Keyword Planner ya Google, inayokadiria neno linatafutwa mara ngapi, ni ya bure, lakini imetengenezwa kwa ajili ya watangazaji. Akaunti isiyolipia matangazo huonyeshwa makadirio mapana, kama 100 hadi 1,000, na pengo hilo ni kubwa mno kufanyia uamuzi wa biashara. Safu yake ya ushindani inasomwa vibaya kila siku: inaonyesha ushindani wa watangazaji wanaonunua nafasi, haisemi lolote kuhusu ugumu wa kutokea kwenye matokeo ya kawaida. Na wastani wake ni wa miezi 12, kwa hiyo neno linalochemka miezi miwili na kulala kumi linaonekana la kawaida tu.

Kwa misimu nenda Google Trends, inayoonyesha utafutaji wa neno unavyopanda na kushuka. Namba zake za 0 hadi 100 hazihesabu watu: 100 ni kilele cha neno lenyewe kwa muda na mahali ulipochagua. Ukichagua mada badala ya neno, inakusanya tahajia na lugha mbalimbali pamoja, jambo linalofaa sana kwa mlima wenye majina mengi. Wageni wengi wanapanda kati ya Juni na Oktoba, na tena Januari hadi mwanzoni mwa Machi, ila wanatafuta miezi kadhaa kabla. Ukurasa wa msimu wa Julai ukiuandika Juni umechelewa.

Wapo wanaoniuliza kuhusu lebo ya maneno muhimu inayojazwa nyuma ya ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Iache.

Ninachokipenda kuliko vyote ni Search Console ya Google, kwa sababu kinaonyesha maneno halisi yaliyoileta tovuti yako mbele ya watu, pamoja na mibofyo na nafasi ya wastani. Kinatunza miezi 16. Maneno adimu sana kinayaficha kulinda faragha, na jedwali linaishia mistari 1,000, lakini kwa biashara ya kwetu hiyo inatosha kabisa. Kwenye kichujio cha maneno chagua regex (namna ya kuchuja maneno kadhaa kwa mpigo), kisha weka `gani|ngapi|wapi|lini|vipi|bei`. Yatabaki maswali na mambo ya bei. Yapange kwa mara yalizoonekana, halafu angalia yale yaliyo nafasi ya 8 hadi 20. Hapo Google imeshakuona unahusika, ila ukurasa wako haujajibu vizuri.

Fungua ukurasa husika usome ukiwa na swali hilo mkononi. Mara nyingi jibu halimo kabisa, neno limetajwa tu mahali kwa bahati. Ongeza aya inayojibu moja kwa moja, yenye bei, umbali au siku, na kichwa kidogo kinachofanana na swali. Kama swali ni zito na halihusiani na ukurasa huo, lipe ukurasa wake na uuunganishe na ule wa kwanza. Andika tarehe uliyofanya badiliko. Baada ya wiki kadhaa linganisha vipindi viwili vya urefu sawa, na kwa biashara ya mlima linganisha na miezi hiyohiyo ya mwaka uliopita, maana Mei na Julai hazilingani kwa vyovyote. Mara zilizoonekana zikipanda na mibofyo ikabaki palepale, shughulikia kichwa cha ukurasa na maelezo yake mafupi. Visipopanda vyote viwili, rudi kwenye ukurasa wa matokeo uangalie walio juu yako wanajibu kitu gani ambacho wewe hujakijibu.