Mita za Uzio na Mita za Faiba

Mteja anaponiletea ramani ya kiwanja na kuniuliza anunue mita ngapi za kebo ya faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, ambayo mimi huifunga kwenye uzio ili itambue wavamizi, kwanza mimi humwomba nizunguke uzio wake kwa miguu. Ramani hutaja urefu wa uzio, ilhali mwanga hufuata faiba.

Mtambo uliopo chumba cha walinzi hutuma mpigo mfupi wa mwanga ndani ya faiba, kisha hupokea mwanga hafifu unaorudi kutoka kila sehemu ya kioo. Mtu akipanda au kukata seng'enge, mtikisiko hubadilisha mwanga huo, na kwa kuwa ndani ya kioo mwanga husafiri takriban sentimita 20 kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), muda wa kwenda na kurudi hugeuzwa kuwa umbali.

Umbali huo ndio unaowapotosha wengi. Nguzo za kona ni ngumu na humeza mtikisiko, kwa hiyo hapo huzungusha kebo ya ziada ili isikie vizuri zaidi. Getini kebo hushuka, hupita ndani ya bomba chini ya ardhi, kisha hupanda upande wa pili. Kipande hicho husikia kila gari linalopita, nami hukinyamazisha kwenye programu na kulilinda geti kwa njia nyingine. Chukua uzio wenye kona 4 za mizingo ya mita 3, mageti 2 yanayoongeza mita 5 kila moja, na akiba ya mita 10 kwenye kasha la kiungo, yaani kisanduku ambamo vipande vya kebo huunganishwa: mwishoni tofauti kati ya mita za faiba na za uzio ni mita 32, na mlinzi atakimbilia mahali pasipo na mtu.

Kuhusu kufunga, vifungo vinavyostahimili jua kila baada ya sentimita 30 hivi vinatosha, mradi seng'enge yenyewe imekazwa. Seng'enge iliyolegea hugongagonga nguzo upepo wa kaskazi unapovuma, na hakuna programu itakayoficha kasoro hiyo kikamilifu.

Kazi ikiisha, mimi hugonga nguzo moja baada ya nyingine huku mwenzangu akisoma mita kwenye skrini na kuziandika kando ya namba ya nguzo. Daftari hilo hubaki kwa mteja. Kebo ikikatwa na kuunganishwa kwa kipande kipya, namba zote zilizo mbele ya kiungo husogea, kwa hiyo ugongaji huanza upya kutoka hapo.