Kwa nini mikono mirefu hutuliza bagi ya rimoti?

Mwaka 1984 yaliingia madukani magari mawili ya rimoti ambayo wapenzi wa mchezo huu bado wanayataja: Grasshopper ya Tamiya kutoka Japani na RC10 ya Team Associated ya Marekani. Yote ni bagi, yaani vigari vya kukimbizwa kwenye vumbi na matuta, na kila moja ni sehemu ya kumi ya gari halisi. Grasshopper maana yake panzi, na kwenye kokoto huruka kama panzi kweli. RC10 hupita pale pale ikiwa imetulia, na mwaka 1985 ilitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa bagi za magurudumu mawili ya kusukuma.

Tofauti kubwa iko kwenye mikono ya saspensheni, ile inayounganisha gurudumu na chasisi.

Fikiria bembea mbili, moja ya kamba fupi na nyingine ya kamba ndefu. Zisukume zote hatua moja. Ile fupi inainama sana, ile ndefu kidogo tu. Mkono nao uko hivyo. Wa milimita 45, gurudumu likipanda jiwe la milimita 20, huinuka karibu nyuzi 26 na ncha yake huvutwa ndani karibu milimita 5. Wa milimita 90, kwa jiwe lile lile, huinuka nyuzi 13 tu na ncha husogea milimita 2 na kidogo. Hizo milimita ndizo zinazoiburuza tairi kiubavu. Tairi inayoburuzwa haishiki ardhi, na pua ya gari inatupwa pembeni.

Mbele ya Grasshopper gurudumu hulala pamoja na mkono wake. Nyuma kuna ekseli moja ngumu, hivyo jiwe la kushoto linainamisha hata tairi ya kulia. RC10 ina mkono mrefu chini na fimbo ya kurekebishika juu, na hivyo viwili vinalishikilia gurudumu likae karibu wima linapopanda na kushuka. Mikono mirefu pia inatanua gari, nalo linakata kona bila kupinduka kirahisi. Mashindano huweka ukomo wa milimita 250 kwa upana.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukirefusha mkono mara 2 na kuacha shokapu imefungwa pale pale, gurudumu linabaki na robo tu ya ugumu wa springi. Tumbo la gari linaanza kugonga chini, na mwenye gari analaumu mikono mipya. Weka springi ngumu zaidi na mafuta mazito zaidi kwenye shokapu, au sogeza shokapu nje kuelekea gurudumu.

Halafu kuna mikono ya alumini. Inang'aa na inauzika sana, lakini mimi siipendi kwa bagi. Mkono wa nailoni ukigonga ukuta unapinda na kurudi; alumini ikipinda imepinda, au inalipitisha pigo lote hadi kwenye chasisi. Tena ni nzito zaidi ya mara mbili kwa ukubwa ule ule, na uzito ulio upande wa gurudumu unaichelewesha tairi kurudi ardhini baada ya tuta. Nailoni nzuri yenye pini za chuma zilizonyooka, vile vijiti ambavyo mkono huchezea juu yake kama bawaba, inatosha.

Kabla ya kununua chochote, fungua shokapu zote nne kutoka kwenye mikono. Inua kila mkono, kisha uachie. Unapaswa kuanguka wenyewe, kwa uzito wake. Ukikwama, safisha vumbi kwenye tundu la pini au badilisha pini iliyopinda. Ukicheza kushoto na kulia, tundu limeliwa, na gari litayumba hata mikono ikiwa mirefu kiasi gani.