Kutu ya bodi: kwa nini gari huoza kuanzia ndani

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni palipo na maji. Oksijeni au maji yakikosekana, bati la gari hukaa miaka mingi likiwa zima. Hewa hatuwezi kuiondoa, kwa hiyo ulinzi wote wa bodi unaishia kwenye jambo moja: maji yasikae juu ya bati tupu. Wenye magari wengi wanalijua hili kwa upande wa nje. Wanaosha na kung'arisha kila wiki, huku gari likiendelea kuliwa mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Rangi ya gari si pambo tu, ni ngozi ya kuzuia maji. Kiwandani, bodi husafishwa na kupakwa fosfeti, kisha huzamishwa nzima kwenye birika kubwa la praima, yaani rangi ya msingi inayoshika bati, na kupitishiwa umeme. Umeme huo huvuta praima ishike bati hata ndani ya mikunjo isiyofikiwa na bunduki ya kupulizia rangi. Juu yake huja praima nyingine, kisha rangi yenyewe, na mwisho klia, ile inayong'aa. Tabaka zote hizo kwa pamoja huwa na unene wa kama mikroni 100 hadi 150, yaani zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita. Kijiwe kimoja kilichorushwa na tairi la lori kinatosha kuzipasua zote.

Magari mengi ya kisasa yana kinga nyingine chini ya rangi: bati lake limepakwa zinki, kama mabati ya kuezekea. Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone, hata pale rangi ilipokwaruzwa. Porsche walianza kuitumia kwenye 911 katikati ya miaka ya 1970, na Audi 100 ikapata bodi nzima ya namna hiyo mwaka 1985. Lakini zinki nayo huisha, na penye chumvi huisha haraka.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa magari ya pwani, na inafaa kuelewa inavyofanya kazi. Kutu ni tendo la umeme. Sehemu moja ya bati hutoa elektroni, sehemu nyingine huzipokea kwa kutumia oksijeni, na maji yaliyo juu ya bati ndiyo yanayokamilisha mzunguko. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji ya mvua, na kila lita ya maji ya Bahari ya Hindi ina karibu gramu 35 za chumvi. Halafu chumvi ina tabia ya kufyonza unyevu wa hewani. Unyevu ukizidi kama asilimia 75, chumvi iliyokauka juu ya bati hulowa yenyewe bila tone la mvua, na pwani hewa hufika hapo usiku mara nyingi. Ndiyo maana gari linalolala karibu na ufuo, au linalovuka kila siku kwa pantoni ya Kigamboni au kwa feri ya Likoni, linaweza kupata kutu chini hata kiangazi. Dawa yake ni maji baridi ya bomba, mengi, yapigwe chini ya gari na ndani ya madigadi. Kuosha juu tu hakusaidii kitu hapo.

Sasa tuingie ndani. Maji ya mvua hupita kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango. Hilo ni jambo la kawaida, limeshapangiwa: ukingo wa chini wa mlango una vitundu vya kuyatoa. Vumbi na majani yakiviziba, au fundi akivifunika kwa lami wakati wa kupiga rangi, mlango unageuka karai. Bomba lile la bati chini ya milango nalo lina vitundu vyake. Nyuma ya plastiki ya madigadi hujikusanya udongo unaoshika maji siku nzima baada ya mvua kukatika. Kwenye buti, mpira wa taa ya nyuma ukichoka, maji hutulia kwenye shimo la spea tairi. Na bomba la kutolea maji ya AC likiziba, maji hurudi chini ya kapeti, upande wa miguu ya abiria mara nyingi, na sakafu huanza kuoza huku kapeti kwa juu likionekana kavu. Vitundu hivi huzibuliwa kwa kijiti au waya laini. Ni kazi ya nusu saa, na kwa maoni yangu inaokoa bodi kuliko polishi yoyote inayouzwa dukani.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo inayosukuma rangi juu mpaka tunaona malengelenge. Yakitokea kwenye ukingo wa chini wa mlango au juu ya tairi, mara nyingi bati limeshaliwa kutokea upande wa pili. Hapo ndipo makosa makubwa hufanyika gereji: fundi anapiga msasa juu juu, anajaza puti, ule uji mzito wa kusawazisha mabonde unaokauka na kuwa mgumu, anapulizia rangi, na gari linatoka likimeremeta. Puti hunyonya maji. Ikiwekwa juu ya kutu, inayashikilia papo hapo penye kidonda, na baada ya masika moja au mbili malengelenge yanarudi makubwa zaidi. Bati lililotoboka likatwe mpaka kwenye chuma kizima, lichomelewe jipya, lipakwe praima, ndipo puti nyembamba ifuate. Moto wa kuchomelea huunguza kinga ya upande wa ndani, hivyo ni lazima upande huo nao upuliziwe nta ya maji maji ya kuzuia kutu. Mdai fundi hatua hiyo, maana haionekani kwa macho na ndiyo inayorukwa.

Wengi hupuliza oili chafu chini ya gari. Ni kweli inafukuza maji kwa muda, lakini hulainisha na kuharibu bushi na mipira, hukusanya vumbi, na inayodondoka huchafua udongo na maji tunayotumia. Nta au andakoti (rangi nzito ya kupaka chini ya gari) iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni bora, mradi ipakwe juu ya bati safi na kavu. Ikipakwa juu ya matope, inafungia unyevu ndani.

Kwa upande wa nje, mambo ni mepesi. Sabuni ya unga huondoa waksi yote, tumia shampuu ya magari. Kinyesi cha ndege kilowekwe na kutolewa siku hiyohiyo, kwani kikipigwa na jua huunguza klia. Klia ikishaanza kubambuka kwenye boneti na paa, hakuna waksi itakayoirudisha, ni kupiga rangi upya. Alama ya kijiwe ikifika kwenye bati, isafishwe, ipigwe msasa, ipakwe praima na rangi mapema. Kwenye Toyota namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati cha gari, penye herufi C/TR, kwa mfano 040 ni nyeupe.

Anayeagiza gari Japani aangalie pia lilikotumika. Mikoa ya theluji, Hokkaido ikiwemo, humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na gari linaweza kufika bandarini likiwa safi juu na limeliwa chini. Kwenye karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari linalouzwa mnadani huko, herufi S ni kutu na C ni bati lililoliwa, na namba inayofuata huonyesha ukubwa wa tatizo. Omba picha za chini ya gari kabla ya kulipa. Kama gari liko hapa, nyanyua kapeti ya buti, toa spea tairi, kisha pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye kingo za chini za milango. Isiposhika, chini ya rangi hiyo kuna puti nene.